Nguvu za Anga Vitani, kutoka Libya ya 1911 hadi Ukraine

Bomu la kwanza kudondoshwa vitani kutoka kwenye ndege lilianguka Libya. Tarehe 1 Novemba 1911, Luteni Giulio Gavotti wa jeshi la Italia aliruka kutoka Tripoli akiwa na mabomu manne madogo, kila moja la takribani kilo 2, akayatupa kwa mkono juu ya kambi za Waturuki na Waarabu huko Ain Zara na Tajura. Madhara yalikuwa madogo. Hata hivyo magazeti ya Italia yalishangilia, Waturuki wakalalamika kwamba hospitali imepigwa, na hapo yakaanza mabishano ambayo hayajakoma: ndege inaweza kumfanya adui nini, na uwezo wake unaishia wapi?

Vita vilivyofuata vimetoa jibu ambalo majemadari wengi wamelipokea kwa shingo upande. Ndege hufanya kazi kubwa pale ambapo kinachotakiwa kupigwa kinajulikana kilipo, hakina pa kujificha, na lipo jeshi ardhini linalomlazimisha adui kusogea, kukusanyika na kutumia mafuta na risasi. Yakikosekana hayo, mabomu huua watu na kubomoa miji bila kuamua vita.

Mfano mmoja wa mapema, tena ulio wazi kuliko mingi, ulitokea katika delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikarudi kujificha ndani ya mikono ya Rufiji, katikati ya mikoko, ambako manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu maji hayana kina. Mabaharia waliifunika kwa matawi, na kutoka baharini haikuonekana. Novemba Waingereza walimkodi rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, Dennis Cutler, pamoja na ndege yake ya Curtiss yenye uwezo wa kutua majini. Cutler aliiona Königsberg, lakini mwezi uliofuata ndege yake ilianguka deltani naye akatekwa. Ndege nyingine zilizoletwa baada yake zilishindwa na hali ya hewa ya pwani: joto na unyevu viliachanisha gundi iliyoshikilia mbao na kupindisha rafadha.

Katikati ya 1915 zililetwa meli mbili pana zinazoelea kwenye maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, zikiwa na mizinga ya inchi 6. Uwanja wa ndege ukatengenezwa katika kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari. Shambulizi la kwanza, tarehe 6 Julai, lilitumia makombora zaidi ya 600 na machache tu ndiyo yaliyoipata Königsberg, kwa kuwa meli zote mbili zilifyatua kwa pamoja na mtazamaji aliyekuwa angani hakujua kombora lipi limetoka meli ipi. Tarehe 11 Julai utaratibu ulibadilishwa, zikawa zinafyatua kwa zamu. Rubani John Cull alizunguka juu ya mikoko huku mtazamaji wake, Harwood Arnold, akituma kwa redio masahihisho ya kila kombora: limekwenda mbali, limeanguka pungufu, sogeza kushoto. Mizinga ya Wajerumani ikaipiga ndege yao na injini ikaharibika. Cull aliiacha ndege ishuke taratibu kuelekea mtoni, na wakati wote huo Arnold aliendelea kutuma masahihisho, hadi makombora ya Severn yakaanza kuiangukia meli yenyewe. Ndege ilipinduka majini, Arnold akamnasua mwenzake aliyekuwa amekwama, na boti ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Königsberg ikashika moto, na Wajerumani wakaimalizia wenyewe kwa baruti.

Kazi ya ndege siku ile ilikuwa kuona, na mizinga ndiyo iliyopiga. Ushindi nao ulikuwa na mpaka wake. Wajerumani waliitoa mizinga 10 ya Königsberg kwenye mabaki, wakaipeleka Dar es Salaam ikafungiwa magurudumu, na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck likaendelea kupigana kwenye mapori ya Tanganyika na Msumbiji hadi Novemba 1918.

Baada ya vita hivyo walijitokeza wanadharia walioipa ndege jukumu kubwa zaidi ya kuona. Jenerali wa Kiitalia Giulio Douhet alichapisha kitabu chake juu ya utawala wa anga mwaka 1921. Hoja yake ilikuwa kwamba vita vijavyo vitaamuliwa na ndege zitakazoruka juu ya majeshi na kupiga miji moja kwa moja, mpaka raia waogope na kuilazimisha serikali yao isalimu amri. Uingereza, Hugh Trenchard aliyeongoza jeshi jipya la anga alikuwa na imani inayokaribiana na hiyo, na alikuwa na ushahidi wa kuonyesha. Januari 1920 ndege 12 za aina ya DH.9A zilizishambulia ngome za Sayyid Mohammed Abdullah Hassan huko Somalia, kiongozi aliyekuwa amewapiga vita Waingereza kwa zaidi ya miaka 20. Kwa muda wa wiki chache tu nguvu zake zilivunjika. Serikali ya London, iliyokuwa ikitafuta njia nafuu ya kutawala makoloni, ilifurahi, na miaka miwili baadaye ulinzi wa Iraki ukakabidhiwa jeshi la anga. Taarifa za ushindi huo ziliwapa nafasi ndogo askari wa ngamia waliomkimbiza Sayyid jangwani, wakateka mifugo yake na kumnyima visima. Mabomu yalimtoa ngomeni. Waliomnyima mahali pa kurudi ni watu waliokuwa ardhini.

Vita Kuu ya Pili vilikuja kuipima nadharia ya Douhet kwa damu ya mamia ya maelfu. Ujerumani iliishambulia London na miji mingine ya Uingereza kuanzia Septemba 1940 hadi Mei 1941, ikaua raia zaidi ya 40,000, na serikali ya Churchill haikuyumba. Waingereza nao walipoanza kuipiga Ujerumani usiku, ripoti ya Agosti 1941 iliyotokana na uchunguzi wa picha za angani ilionyesha kwamba, kati ya wafanyakazi wa ndege waliodai kuwa wamepiga shabaha, ni theluthi moja tu waliokuwa wamefika ndani ya kilomita 8 za shabaha hiyo. Ndege ambazo haziwezi kuona kiwanda usiku zinaweza kuona mji, kwa hiyo miji ikawa ndiyo shabaha. Hamburg iliungua Julai 1943 na watu takribani 40,000 wakafa. Uzalishaji wa silaha wa Ujerumani uliendelea kupanda hadi katikati ya mwaka 1944.

Wamarekani walichagua kupiga mchana, viwanda vinapoonekana. Tarehe 14 Oktoba 1943 walituma ndege karibu 290 kwenye viwanda vya bearingi vya Schweinfurt, na 60 kati yake hazikurudi, kila moja ikiwa na watu 10. Mambo yaligeuka mwanzoni mwa 1944, zilipofika kwa wingi ndege za kivita za P-51 zilizoweza kuwasindikiza walipuaji hadi Berlin na kurudi. Kuanzia hapo jeshi la anga la Ujerumani lililazimika kupanda juu kupigana, na likateketea huko. Mei mwaka huo mashambulizi yakaelekezwa kwenye viwanda vya mafuta vilivyotengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe. Kufikia Septemba, mafuta ya ndege yaliyozalishwa yalikuwa chini ya moja ya kumi ya yale ya Aprili. Ujerumani ikawa na ndege mpya zilizoegeshwa tu na marubani wapya waliopelekwa vitani bila saa za kutosha za mazoezi. Hapo kampeni ya anga iliuma kwelikweli, lakini tazama mazingira yake: Warusi walikuwa wakisukuma kutoka mashariki, majeshi ya washirika yameshuka Normandy Juni, na kila lita ya mafuta iliyokosekana ilikosekana mbele ya adui aliyekuwa anasogea. Kikosi cha walipuaji cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika vita hivyo.

Japani nayo iliadhibiwa vikali. Moto uliowashwa Tokyo usiku wa 9 kuamkia 10 Machi 1945 uliua watu takribani 100,000, na Agosti mabomu ya nyuklia yakaangushwa Hiroshima na Nagasaki. Japani ilisalimu amri bila kuvamiwa, na watetezi wa nguvu za anga huutaja mfano huu kuliko mwingine wowote. Lakini nyambizi zilikuwa zimekwisha kuizamisha sehemu kubwa ya meli zake za mizigo, na Umoja wa Kisovieti uliingia vitani dhidi yake wiki hiyohiyo.

Ndani ya misitu, hadithi ilikuwa nyingine. Kuanzia 1953 Waingereza waliyapiga mabomu maficho ya Mau Mau katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, kwanza kwa ndege ndogo za Harvard zenye mabomu ya kilo 9, kisha kwa ndege kubwa za Lincoln zilizoruka kutoka Eastleigh, Nairobi. Wapiganaji walitawanyika katika vikundi vidogo na kujificha chini ya miti. Wanyama pori wengi waliuawa na kujeruhiwa, na tembo wenye majeraha wakawa hatari kwa kila aliyeingia msituni. Ndege za Lincoln ziliondolewa mwaka 1955. Waliowadhoofisha Mau Mau ni hatua za ardhini, tena za kikatili: wanakijiji kuhamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vyenye uzio, mitaro kuchimbwa pembezoni mwa msitu ili chakula kisipite, na wapiganaji waliokamatwa kugeuzwa wawindaji wa wenzao. Kiongozi wao Dedan Kimathi alijeruhiwa na kukamatwa Oktoba 1956 na polisi wa kikabila.

Marekani ilikutana na msitu kama huo, mkubwa zaidi, huko Vietnam. Kampeni iliyopewa jina Rolling Thunder ilianza Machi 1965 ikalenga kuibana Vietnam Kaskazini mpaka iache kuwasaidia wapiganaji wa Kusini, na ilidumu hadi mwanzoni mwa Novemba 1968. Matatizo yake yote yanaonekana kwenye daraja moja. Karibu na mji wa Thanh Hoa, reli na barabara kuu ya kuelekea kusini zilivuka mto Ma juu ya daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1964, lenye urefu wa mita 165 hivi. Lilijengwa imara kupita kiasi, likishikiliwa na vilima pande zote mbili na nguzo nene ya zege katikati ya mto. Wenyeji waliliita Ham Rong, taya la joka.

Tarehe 3 Aprili 1965 Wamarekani walilishambulia kwa ndege 79, zikiwemo 46 za F-105. Makombora 32 ya aina ya Bullpup yalirushwa, na kila rubani alilazimika kuliongoza kombora lake kwa usukani mdogo hadi lifike, huku risasi zikimfuata kutoka chini. Makombora yaligonga chuma na kukiacha na madoa meusi tu. Yakafuata mabomu 120 ya ratili 750. Moshi ulipotoweka daraja lilikuwa limesimama. Kesho yake zilirudi F-105 nyingine 48, mamia ya mabomu yakaangushwa, na ndege za MiG-17 za Vietnam zikachomoza mawinguni na kutungua F-105 mbili. Daraja lilifungwa kwa muda, likatengenezwa, treni zikapita. Mei 1966 ilijaribiwa mbinu ya kudondosha mabomu makubwa yanayoelea mtoni kutoka kwenye ndege ya mizigo ya C-130. Usiku wa kwanza hayakuleta matokeo, na usiku wa pili ndege yenyewe haikurudi. Kwa miaka kadhaa daraja hilo liliendelea kula mabomu na marubani.

Kilichoibadili hali kilikuwa mwanga. Wahandisi walifunga kwenye pua ya bomu la kawaida kifaa kinachohisi mwale wa leza, na mkiani mapezi yanayogeuka. Ndege moja ilimulika shabaha, nyingine ikaliachia bomu, na bomu likafuata mng'ao hadi mahali ulipotoka. Tarehe 13 Mei 1972 ndege 14 za F-4 zilifika Thanh Hoa zikiwa na mabomu ya leza ya ratili 2,000 na 3,000, na upande wa magharibi wa daraja ukang'oka kwenye kitako chake. Kazi iliyowashinda mamia ya marubani kwa miaka saba ilifanywa na kikosi kimoja, bila kupoteza hata ndege moja.

Mbinu mpya peke yake haitoshi kueleza mafanikio ya 1972. Mwaka 1965 mahitaji ya wapiganaji wa Kusini yalikuwa madogo kiasi cha kubebwa kwa baiskeli na migongo ya watu kupitia njia za misituni, kwa hiyo hata daraja lingevunjika wasingefa njaa. Machi 1972 Vietnam Kaskazini ilivamia kwa vifaru na mizinga mikubwa, jeshi linalokunywa mafuta kila siku, na jeshi la namna hiyo linakwama daraja linapokatika. Uvamizi huo ulizimwa. Wamarekani walipoondoka na ndege zao, vifaru vilirudi, na Saigon ikaanguka tarehe 30 Aprili 1975. Marekani na washirika wake walikuwa wamedondosha zaidi ya tani milioni 7 za mabomu juu ya Vietnam, Laos na Kambodia, kiasi kilichozidi mara mbili yale waliyoyaangusha katika Vita Kuu ya Pili.

Miaka hiyohiyo Mashariki ya Kati ilionyesha pande mbili za sarafu katika muda mfupi. Asubuhi ya 5 Juni 1967 ndege za Israeli ziliziteketeza takribani ndege 300 za Misri zikiwa bado zimeegeshwa, na vita vya siku sita vikawa vimeamuliwa kabla ya mchana. Oktoba 1973 Wamisri walivuka mfereji wa Suez chini ya mwavuli wa makombora ya Kisovieti ya kutungulia ndege, na marubani walewale walioshangiliwa miaka sita nyuma wakajikuta hawawezi kuwasaidia askari wao bila kuangushwa. Israeli ilipoteza takribani ndege 100 katika wiki chache.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 havitajwi sana katika vitabu vya majeshi ya anga, ingawa vina mengi ya kufundisha. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera, Tanzania, mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuteka eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800, Uganda ilikuwa na ndege za kivita za MiG na Tanzania ilikuwa na zake, pande zote zikiwa na chache. Shabaha moja ilikuwa muhimu kuliko zote: daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, ambalo bila hilo Watanzania wasingeweza kuvuka na vifaa vizito. MiG za Uganda zililishambulia mara kadhaa chini ya risasi za ulinzi wa Tanzania, zikalikosa. Daraja lilivunjwa mwanzoni mwa Novemba na mtaalamu wa baruti kutoka machimbo ya Kilembe ya Uganda, aliyelifunga milipuko kwa mikono yake. Mtu mmoja mwenye waya na baruti alifanya kilichoshinda kikosi cha ndege za kisasa. Watanzania walijenga daraja la muda na kuvuka.

Kuanzia Januari 1979 jeshi la Tanzania liliingia Uganda likitembea kwa miguu, vikosi vikifuata barabara na vingine vikipita kwenye vinamasi. Silaha iliyowatisha askari wa Amin haikuwa ndege. Ilikuwa mizinga ya roketi ya BM-21, ambayo waliipa jina la Saba Saba, na mvumo wake uliweza kuwafanya wahame mahandaki kabla askari hawajafika. Makombora ya begani ya Strela yalizifanya MiG za Uganda ziogope kushuka chini, na ndege inayopiga kutoka juu bila vifaa vya kulenga hupiga pori. Muammar Gaddafi wa Libya alimsaidia Amin kwa askari na ndege. Mwishoni mwa Machi ndege yake ya mabomu ya Tu-22 ilitumwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yaliangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Ndege za Tanzania zilijibu kwa kushambulia maghala ya mafuta ndani ya Uganda. Uwanja wa Entebbe, kituo kikuu cha anga cha Uganda, ulitekwa tarehe 7 Aprili na askari wa Meja Jenerali David Musuguri waliofika ardhini. Ndege ya mizigo ya Libya aina ya C-130 iliyojaribu kuruka ilipigwa kwa roketi ya begani ikiwa njiani kuondoka. Siku nne baadaye Kampala ilikuwa mikononi mwa Watanzania.

Matumaini makubwa ya nguvu za anga yalifufuka katika Ghuba. Usiku wa kuamkia 17 Januari 1991 ndege za Marekani na washirika wake zilianza kuipiga Iraki. Ndege za F-117, zilizoundwa ili rada zisizione, zilipita juu ya Baghdad na kupiga vituo vya simu na makao ya jeshi kwa mabomu ya leza. Mfumo wa ulinzi wa anga wa Iraki ulipofuka katika siku za mwanzo, na ndege zake zaidi ya 100 zikakimbilia Iran. Kwa siku 38 jeshi la Saddam Hussein lilipigwa bila kupumzika jangwani, mahali pasipo mti wala kichaka, ambako usiku chuma cha kifaru kilionekana kwenye kamera za joto kwa sababu hupoa taratibu kuliko mchanga. Mashambulizi ya ardhini yalipoanza tarehe 24 Februari, yalichukua takribani saa 100 tu.

Televisheni zilionyesha mabomu yakiingia madirishani, na wengi waliamini kwamba vita vimekuwa safi. Mabomu ya kuongozwa yalikuwa chini ya moja ya kumi ya yote yaliyoangushwa. Tarehe 13 Februari mawili kati yake yalipiga handaki la Amiriyah jijini Baghdad, kwa usahihi uliokusudiwa, wakafa raia zaidi ya 400 waliokuwa wamejihifadhi humo, wengi wao wanawake na watoto. Bomu lilifika lilikotumwa. Taarifa iliyolituma ndiyo iliyokuwa na kosa, na tangu hapo vifo vingi vya raia katika vita vya anga vimetokana na kosa la namna hiyo. Vilevile malori ya kurushia makombora ya Scud, yaliyojificha chini ya madaraja mchana na kutoka usiku, yaliwashinda marubani kabisa. Hakuna hata lori moja ambalo baadaye ilithibitishwa kwamba liliharibiwa na ndege.

Kosovo, mwaka 1999, NATO ilijaribu kwenda mbali zaidi kwa kupigana bila jeshi la ardhini. Mashambulizi yalianza 24 Machi na kudumu siku 78. Jeshi la Serbia halikuwa na sababu ya kukusanyika mahali pamoja, kwa kuwa hakuna aliyelivamia. Lilificha vifaru kwenye maghala na chini ya miti, likaunda vingine vya mbao na plastiki, na likaendelea kuwafukuza Waalbania makwao, jambo ambalo ndege zilitumwa kulizuia. Usiku wa 27 Machi kikosi cha makombora cha Zoltán Dani kiliitungua ndege ya F-117 kwa silaha ya Kisovieti iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dani aliwasha rada yake kwa sekunde chache tu na kuhama mara kwa mara. Vita vilipokwisha, mabaki ya vifaru yaliyopatikana yalikuwa machache mno kuliko idadi iliyotangazwa. Kiongozi wa Waserbia, Slobodan Milošević, alikubali masharti mwezi Juni, na sababu zilikuwa nyingi: umeme ulikatwa mijini, Urusi ilimwacha mkono, jeshi la ukombozi la Kosovo lilianza kuwatoa Waserbia mafichoni, na mazungumzo ya uvamizi wa ardhini yakawa ya dhati. Hata kwa kuyahesabu hayo yote, huu unabaki mfano wenye nguvu kuliko mingine wa vita vilivyomalizwa na mashambulizi ya anga, na NATO haikupoteza mtu mapiganoni.

Afghanistan mwaka 2001 makomando wachache wa Marekani waliopanda farasi pamoja na wapiganaji wa Muungano wa Kaskazini walimulika shabaha, ndege zikapiga, na Kabul ikaanguka katika wiki tano. Miaka 20 ya udhibiti kamili wa anga haikuzuia Taliban kurudi Kabul tarehe 15 Agosti 2021.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 ilikuwa na ndege za kisasa kwa mamia, dhidi ya jirani mwenye chache na za zamani. Wengi walitarajia anga litekwe kwa siku chache. Waukraine walikuwa wametawanya mitambo yao ya kutungulia ndege, S-300 na Buk, kabla ya saa ya kwanza, wakawa wanaihamisha kila mara, na makombora mengi ya Warusi yakaangukia mahali mitambo ilipokuwa jana. Baada ya hapo hakuna upande uliothubutu kupeleka marubani wake ndani ya anga la mwenzake. Warusi walianza kufunga mabawa kwenye mabomu yao ya zamani ili yarushwe kutoka mbali, na wakaongeza droni za Shahed, zenye asili ya Iran, zinazogharimu makumi ya maelfu ya dola kila moja. Kombora la kuitungua mara nyingi hugharimu zaidi ya droni yenyewe, na hesabu hiyo ndiyo inayowasumbua Waukraine kila usiku. Mbele ya mapigano, droni ndogo za dola mia kadhaa, zinazoongozwa na askari aliyevaa miwani ya skrini kilomita kadhaa nyuma, zimekuwa zikiharibu vifaru vya mamilioni.

Tarehe 1 Juni 2025 Ukraine ilirusha droni 117 zilizokuwa zimefichwa kwenye vibanda vya mbao juu ya malori ndani ya Urusi kwenyewe, zikapiga ndege kubwa za mabomu viwanjani, mojawapo ya viwanja hivyo kikiwa Siberia, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine. Ndege zilizojengwa enzi za Kisovieti, ambazo viwanda havizitengenezi tena, ziliungua zikiwa zimeegeshwa. Urusi ilijibu kwa kuzidisha mashambulizi ya usiku juu ya Kyiv na miji mingine, hadi mamia ya droni kwa usiku mmoja. Miezi hiyo yote mstari wa mbele ulisogea kilomita chache tu, na waliousogeza walikuwa askari wa miguu, wakitembea wawili wawili au watatu watatu chini ya miti ili droni zisiwaone.